Mzee Aliyechagua Hausingi

Kabla hajaigusa hausingi alikuwa anaizunguka kwanza, mikono ameifunga nyuma, kama mjomba aliyetumwa kwenda kumwangalia mchumba. Anaizunguka, anachuchumaa, anaichungulia kwa chini, anainuka, anaizunguka tena. Madereva wenye haraka walikuwa wanasonya. Yeye wala.

"Mnataka niseme inavuta, mimi mwenyewe haijaniambia?" anawajibu. Ndipo anapotoa mkono.

Kwa asiyeijua, hausingi ni lile bomba nene la chuma linalotoka kwenye difu, pale tumboni mwa trekta, mpaka kwenye gurudumu kubwa la nyuma. Ndani yake inapita shafti ya kuzungusha gurudumu, lakini uzito wote, wa trekta na wa tela lililofungwa nyuma, unabebwa na hausingi. Ikipasuka mlimani gurudumu linaondoka na njia yake, trekta inalala ubavu. Haya nimeyajulia mbele ya gereji moja hapa Masasi, nilikokuwa nauza chai na mihogo ya kuchemsha. Elimu yangu ni darasa la saba. Ndoto yangu, na msicheke, ilikuwa kuendesha trekta.

Nyumbani kwetu huyu mzee hatajwi. Kaka yangu Saidi alipoteza mguu juu ya trekta iliyofungwa hausingi aliyoichagua yeye, na tangu siku hiyo mama akisikia mtu anamsema vizuri anakunja mkeka wake na kuhamia upande wa pili wa nyumba. Jina lake sitaliandika na mimi. Nitamwita fundi, kama tulivyomwita wote. Lakini nampenda, na siku ile ina neno moja ambalo watu hawalijui. Nitalisema humu humu, nikipata nguvu ya kufika.

Ilikuwa miaka ile ruhusa ilipotoka, watu binafsi wakaanza kununua korosho. Zamani matrekta yalikuwa ya vijiji, na mengi yalikufa yakiwa ya vijiji, yakaota majani mpaka kuku wakataga chini ya usukani. Ruhusa ilipotoka yakafufuliwa. Mwenye injini alitafuta difu, mwenye difu alitafuta matairi, na wafanyabiashara wa spea wakaanza kushuka kutoka Dar na vyuma vilivyotumika nje, vimepakwa rangi nyekundu vinang'aa kama pipi. Kila tajiri wa korosho alitaka trekta ya kumshushia na kumpandishia mizigo, maana mlima wa kupanda Newala malori yalikuwa yanauogopa, hasa njia ikichimbika.

Basi madereva wakaanza kutambiana. Huyu anasema mimi nilipanda na magunia kadhaa, yule anasema wewe ulisukumwa. Maneno yakawa mashindano. Kila majira ya baridi, mikorosho ikitoa maua na watu wakipuliza salfa mashambani, matela yanajazwa viroba vya mchanga chini ya mlima, trekta zinavuta moja moja, na matajiri wanakaa juu kutazama. Atakayepanda na mzigo mkubwa bila kusimama ndiye anayepewa kazi ya msimu mzima. Ngoma zinakuja, wauza chai tunakuja, mpaka watoto wa shule za Lukuledi wanatoroka kuja.

Na kabla ya hapo kila dereva lazima apite kwa fundi.

Alikuwa na lundo lake la hausingi nyuma ya gereji, kubwa kuliko nyumba ya mtu, na alizijua moja moja. "Hii ilikuwa ya kijiji fulani, ilibeba maji miaka mingi, imechoka. Hii ni ya shamba la katani, haijawahi kupata taabu, ina uvivu." Chuma kina uvivu! Lakini ndivyo alivyosema. Alipenda hausingi yenye sura mbaya, nene, yenye mbavu kwa nje, yenye kutu ya kawaida. Rangi aliichukia kama deni.

"Aliyepaka rangi anaficha nini?" alimwuliza siku moja kijana wa spea aliyetoka Dar, amevaa miwani ya jua kichwani.

"Mzee, tunapendezesha tu. Mteja anapenda kitu kisafi."

"Mteja wako anataka kuivaa?"

Akaikwangua kwa patasi, na chini ya rangi pakatokea mshono wa shaba, mtu alikuwa ameziba ufa. Yule kijana akacheka kwa aibu. Fundi hakucheka. Alimwambia aingize spea zake garini na asizishushe Masasi, azipeleke kwenye nchi tambarare. Kisha akamnunulia chai kwangu, na muhogo, kwa sababu alisema safari ni ndefu na kijana wa watu ana njaa. Alikuwa hivyo. Anakufukuza huku anakulisha.

Na huyo huyo mchukia rangi ndevu zake zilikuwa nyekundu kwa hina. Nikimtania, "Fundi, na wewe unaficha nini?" ananijibu, "Nyufa, mwanangu. Lakini mimi sifungwi tela."

Alikuwa na mambo mengine yasiyolingana. Sala hazimpiti, ila bolti iliyoshika kutu aliitukana matusi ambayo mpaka leo siwezi kuyaandika, halafu anaiomba radhi ikifunguka. Maisha yake yote yalikuwa matrekta, na hakuwahi kupanda hata moja. Akiitwa Newala anapanda lori mpaka chini ya mlima, hapo anashuka, anakamata njia ya mkato ya waenda kwa miguu, anapanda peke yake na begi lake la spana, anatokea juu jasho linamtiririka wakati lori limeshafika zamani. Tulimcheka sana. Aliniambia mara moja tu, bila utani: "Nyinyi mnaona njia. Mimi nikikaa juu ya gari naona vyuma vilivyomo chini."

Nilipomwambia kwamba nataka kuendesha trekta, nilijiandaa kuchekwa, maana nilishachekwa na gereji nzima. Yeye aliniangalia miguu.

"Klachi utaifikia," akasema. "Anza kujifunza kushuka. Kupanda kila mtu anaweza."

Sasa nije kwenye unga aliopimia hausingi.

Kuzunguka na kutazama kulikuwa mwanzo. Kisha anagonga kwa nyundo ndogo, sikio ameliweka karibu, anasikiliza kama inalia vizuri au inakoroma. Kisha anachemsha hausingi kwa magadi ndani ya pipa, anaianika. Ikikauka anaipaka mafuta ya taa kila mahali, anaiacha muda wa kumaliza vikombe viwili vya chai, anaifuta mpaka iwe kavu kabisa. Ndipo anachukua unga wa muhogo, unga mweupe wa makopa, anauchekecha juu ya chuma kwa kipande cha kanga. Anakaa chini. Anangoja. Kama chuma kina ufa, hata ule usioonekana kwa jicho, mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani yanapanda taratibu, yanalowesha unga, unaona mstari mweusi unajichora, mwembamba kama unywele. Mara ya kwanza kuuona nilishika mdomo.

Unga ulikuwa wangu. Niliusaga kwa kazi hiyo, na hakuna mteja aliyenisumbua kama yeye. Anachota kidogo kwa vidole viwili, anapuliza. Ukiruka kama moshi, anachukua. Ukianguka chini, anarudisha, maana unga wenye unyevu haunyonyi mafuta, hauonyeshi ufa.

"Huu mpikie mumeo."

"Sina mume, fundi."

"Basi anika wote wawili, unga na wewe. Kesho."

Mkewe alikuwa adui wa unga huo. Miezi ya njaa, watu wakichimba ming'oko porini kwa ajili ya kula, mama huyu alikuwa anakuja mpaka gerejini, amejifunga kanga kiunoni. "Watu wanalala na mizizi, wewe unakipaka chuma chakula! Ukiulizwa utasema nini kwa Mungu?" Fundi anainamisha macho kama mtoto. Baada ya hapo unga aliuficha kwenye sanduku la spana, chini ya grisi, akaniomba nisimseme.

Na madereva nao walikuwa na lao. Kwetu huku unga una kazi nyingine, kila mtu anajua. Wazee wakitaka kutambika wanaumwaga chini, wanauacha, na ukikutwa umekaa vizuri haukuvurugika, basi wahenga wameridhia. Wa kutambikia ni wa mtama, wake ulikuwa wa muhogo, lakini dereva anayekwenda kuning'inia mlimani hachagui. Walipoona hausingi imekaa na unga wake bila mstari, walivua kofia. Wengine walidokoa wakajipaka kwenye paji la uso, na wengine kwenye usukani. Fundi alikasirika. "Hii si tambiko! Haya ni mafuta ya taa! Mafuta ya taa, nyinyi!" Wanaitikia, "Ndiyo, fundi," halafu wanadokoa tena akigeuka.

Mwaka ule kaka yangu alikuwa na trekta ya tajiri mmoja, na alikuwa hajawahi kushinda. Alikuwa kijana mwenye maneno mengi, mkarimu, mikono mikubwa. Aliniahidi mbele ya mama: "Nikishinda, msimu huu nakukalisha kwenye kiti, nakufundisha. Wallahi." Mama alisema hakusikia kitu. Mimi nilisikia. Usiku mzima nilikuwa nabadilisha gia hewani.

Siku moja kabla ya mashindano, akijaribu mlima, hausingi ya kulia ikatoa ufa na oili ikamwagika. Wakaivuta trekta mpaka juu Newala, wakatuma mtu Masasi. Fundi akaja na hausingi moja tu, ile aliyokuwa ameiweka miaka mingi na kumnyima kila mtu, nene, ya trekta la kijiji lililokufa changa. "Hii ni kwa ajili ya Saidi," alisema. Ilishachemshwa magadi na kukauka, na alitaka kuipima kwa unga palepale kabla haijafungwa, maana ilikuwa imerushwarushwa ndani ya lori njia nzima. Mimi nilitangulia nao. Nilikuwa nimeufunga kwenye kitambaa, nikalala kwenye tela pamoja na vyombo vyangu vya chai.

Waliowahi kulala Newala majira yale wanajua asubuhi yake ikoje. Ukungu unashuka mpaka huoni mkono wako, kanga inalowa bila mvua, chumvi inageuka maji. Sisi wa Masasi, wa chini, unga wetu hukauka tu wenyewe, hatuna kawaida ya kuufikiria. Nilipofungua kitambaa nikaukuta mzito. Umeshikana, ukiubonyeza unabaki na alama ya kidole. Niliuona. Nataka ieleweke hivyo: niliuona.

Fundi alikuwa ameshaipaka hausingi mafuta ya taa na kuifuta, mikono yake imejaa oili mpaka kwenye viwiko kwa kuifungua ile mbovu. Madereva walikuwa wamesimama duara, wenzao chini ya mlima wameshawasha injini tunazisikia. Akanitazama.

"Leo nyunyiza wewe. Mimi nitauchafua."

Ile heshima ilinipanda kichwani. Nikachekecha. Haukuruka, ulianguka, kwa madonge madogo madogo.

"Mkavu?" akaniuliza.

Nikaangalia kiti cha trekta. Kama ningesema hapana, tungengoja jua, na jua la Newala siku ile labda saa nne, labda saa tano, na zamu ya kaka ingepita.

"Mkavu, fundi," nikasema.

Tukangoja. Hakukuwa na mstari. Duara lote likashangilia, "Umekubali! Umekubali!" Fundi akainua mkono wake mchafu, akasema kwa sauti ndogo, "Nadhani tufute, turudie." Nakumbuka vizuri. Dereva mmoja mkubwa wa umri, wa huko huko Newala, akamshika bega.

"Fundi, haumwagwi mara mbili. Umeshakubaliwa. Ukirudia unawaambia waliokubali kwamba huwaamini."

"Si tambiko hili," fundi akasema.

"Sawa, si tambiko. Lakini usirudie."

Watu wakacheka. Kaka akasema, "Fundi wangu, funga." Na fundi akafunga. Zilipoisha bolti zote hakutukana hata moja.

Mlima sitausimulia sana. Kaka aliteremsha trekta, akafungiwa tela la mchanga kule chini, akapanda vizuri, vizuri kuliko mtu yeyote siku ile, na kwenye kona ya mwisho, watu wameshaanza kurusha kofia, tulisikia mlio mmoja mkavu, kama mtu amevunja kuni kwa goti. Hausingi ilikatika karibu na difu, upande wa chini, pale zinapokaa bolti. Gurudumu likaenda korongoni peke yake. Tela likarudi nyuma, likaivuta trekta, ikalala, na kaka alikuwa hajaruka. Walimfikisha Ndanda kwa gari la tajiri, na pale hospitali ya misheni waliokoa walichoweza. Mguu haukuwemo.

Wiki hiyo hiyo wazee walimwita fundi mbele ya watu. Kila mtu alikuwa na lake. Mmoja alisema alipaka unga wa muhogo mahali pa mtama, mwingine kwamba alikuwa anachezea wahenga kwa mafuta ya taa. Mama yangu alilia tu. Mimi nilikuwa nyuma, kati ya wanawake, najiambia sasa, sasa, sasa. Fundi aliulizwa: nani alipima? Nilifumba macho.

"Hausingi niliichagua mimi," akasema. "Niandikieni hivyo."

Hakuna aliyemletea tena hausingi. Lundo lake likanunuliwa na wachuuzi wa chuma chakavu, likapakiwa kwenye malori, na hapo ndipo nilipoona kwamba ardhi chini yake ilikuwa imekuwa nyeupe kwa unga. Akahama. Tulisikia yuko Nanganga.

Nimempata mwaka huu. Nilikuwa nimetoka kupeleka mihogo, gari likaharibika Nanganga, abiria tukaambiwa tungoje. Nikamwona kando ya barabara, chini ya kibanda cha makuti, anatia mipini majembe. Ndevu zilikuwa nyeupe, hina ameiacha. Nilitembea kuelekea kwake.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu." Akainua macho, akanijua palepale. "Umenenepa. Kaka yako hajambo?"

"Hajambo. Anashona viatu."

"Viatu?" Akageuza jembe mkononi. "Ni kazi ya kukaa. Nzuri."

Nikakaa kwenye gogo. Nilikuwa nimepanga maneno miaka yote hiyo, yakatoka ovyo. "Fundi, ule unga haukuwa mkavu. Uliniuliza nikasema mkavu. Niliujua haukuwa. Nilitaka kaka ashinde, nilitaka anifundishe kuendesha. Ni mimi, fundi, si wewe, na nikakuacha ukasimama peke yako mbele ya watu."

Hakushtuka. Aliweka jembe chini, akajifuta mikono kwenye suruali, kila kidole, taratibu.

"Mwanangu, unga wangu nauangalia miaka yote. Ukiwa mkavu unaruka. Ule ulianguka mbele ya macho yangu."

Sikuelewa. "Kwa hiyo kwa nini uliniuliza?"

"Ili unijibu vile." Akaangalia barabarani, gari letu lilikuwa limefunguliwa boneti. "Na mimi nilitaka ashinde. Ile hausingi niliitunza kuliko nilivyomtunza mke wangu. Nikajiambia, siwezi kuwa nimetunza kitu kibovu miaka yote hiyo. Nikataka mtu mwingine aseme mkavu. Mtu mzima namtafuta mtoto wa watu anisemee. Wale wakasema usirudie, nikafurahi. Umesikia? Nilifurahi."

Nikaanza kulia. Yeye hakulia, alinisogezea maji kwenye kikombe cha plastiki.

"Umemwambia Saidi?"

"Bado."

"Usimwambie. Mtu aliyekatwa mguu anahitaji wa kumchukia aliye mbali. Mimi niko mbali, na nimeshazoea. Wewe ndiye unayempikia. Akianza kukuchukia wewe, atakula kwa nani?"

Dereva akapiga honi. Nikasimama.

"Niahidi," akasema.

"Ndiyo, fundi," nikamjibu, na huo ukawa uongo wa pili niliomwambia.

Maana kaka yangu ana jamaa mmoja wa kumchukia, na jamaa huyo anatia mipini majembe Nanganga na kumwulizia hali. Na kaka yangu ni msomaji. Anasoma kila karatasi inayoingia nyumbani, hata iliyofungiwa sukari, anainyoosha kwenye goti anasoma mpaka mwisho. Karatasi hizi nilizoandika nimeziacha juu ya mkeka wake mchana huu, nimezishikiza kwa kikombe zisipeperuke, nikaja jikoni kuandika huu ukurasa wa mwisho.

Amerudi kutoka msikitini. Nasikia magongo yake yanavuka ua, yameingia ndani, yamesimama.